Cheni mpya, lakini gia zinaruka nikikanyaga kwa nguvu: nianzie kwenye kebo au kaseti?

Mwendo34

Habari wakuu. Naomba msaada kuhusu baiskeli ya barabarani. Nyuma ina gia 11, kaseti (fungu la sprokiti, yaani magurudumu ya meno, za nyuma) ya meno 11 hadi 28, mbele sprokiti mbili za meno 50 na 34. Leva ni za kebo, si za umeme. Cheni ni mpya kabisa, ya gia 11, na ina idadi ileile ya pingili kama iliyotoka.

Dalili ni hizi. Nikiwa kwenye sprokiti ya 15 au ya 17 na kukanyaga kwa nguvu, hasa nikisimama juu ya pedali kwenye mwinuko, cheni inaruka kwa kishindo na mguu unaporomoka. Hairuki kwa mpangilio. Wakati mwingine mara mbili mfululizo, wakati mwingine inatulia muda mrefu. Kwenye 23, 25 na 28 haijaruka hata mara moja. Kwenye tambarare nikikanyaga taratibu, kimya.

Jambo la pili: kushusha cheni kutoka sprokiti kubwa kwenda ndogo kuna uvivu. Nabonyeza leva, inalia "tik" yake vizuri, lakini cheni inasubiri karibu mzunguko mzima wa krenki (mikono ya pedali) ndipo inaanguka. Kupandisha kwenda kubwa hakuna shida.

Ushauri niliopewa ni kukaza kebo. Imekazwa nusu mzunguko, kuruka hakujabadilika na uvivu wa kushuka umezidi. Je, hili ni tatizo moja au mawili? Na nipime nini kwanza kabla ya kununua vipuri?

FundiCheni

Mkuu, hayo ni matatizo mawili tofauti, tena bahati nzuri dalili zako umezieleza vizuri kiasi kwamba yanatenganika yenyewe. Kabla ya yote rudisha kile kipipa cha kurekebishia kebo pale kilipokuwa, halafu usiguse skrubu yoyote ya direla (kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni) mpaka umalize vipimo. Ukianza kuzungusha skrubu huku kaseti imekwisha, utaiharibu direla iliyokuwa imekaa sawa na cheni itaendelea kuruka.

Tuanze na kuruka. Cheni inayoruka kwa sababu ya marekebisho mabaya ya kebo huwa inajitangaza hata bila nguvu: inakwaruza, inataka kupanda sprokiti ya jirani, inahama na kurudi. Yako iko kimya ukikanyaga taratibu na inaruka ukiweka uzito tu, tena kwenye sprokiti mbili zinazotumika sana, siku chache baada ya kuweka cheni mpya. Hiyo ni alama ya meno yaliyolika.

Sababu yake ni hii. Kutoka pini hadi pini cheni ina milimita 12.7. Inapotumika, pini na sehemu zinapozungukia zinalika, na umbali huo unaongezeka kidogokidogo. Watu husema cheni "imevutika", lakini chuma hakijavutika, kimelika kwenye viungo. Cheni iliyorefuka hivyo hukaa juu zaidi kwenye meno na kuyachonga yafanane nayo: kile kibonde kati ya jino na jino kinapanuka, na upande unaobeba mzigo unakuwa kama ndoana. Cheni ya zamani na kaseti ya zamani zimezoeana, kwa hiyo haziruki. Ukileta cheni mpya yenye 12.7 kamili, rola zake (vile vipipa vinavyozunguka kwenye pini) hazikai tena kwenye vibonde vile. Mzigo unabebwa na meno machache, na ukikanyaga kwa nguvu rola inapanda juu ya jino na kuruka.

Ndiyo maana kwenye 25 na 28 hakuna kitu. Cheni hukumbatia karibu nusu ya sprokiti. Kwenye 28 kuna meno kama 14 yanayogawana mzigo, kwenye 15 ni saba au manane tu. Isitoshe, kubwa hutumika kidogo.

Jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii: angalia kama inaruka zaidi ukiwa kwenye 34 mbele kuliko kwenye 50. Kwa nguvu ileile ya mguu, mvutano kwenye cheni unakuwa mkubwa zaidi sprokiti ya mbele ikiwa ndogo. Kati ya 34 na 50 tofauti ni karibu mara moja na nusu (50 gawanya kwa 34 ni 1.47). Kwa hiyo 34 mbele na 15 nyuma ndiyo kipimo kikali kuliko vyote. Ikipita hapo bila kuruka, kaseti ingali na uhai.

Sasa vipimo. Kama cheni ya zamani hujaitupa, ndiyo shahidi wako mkuu. Ining'inize kwenye msumari ijivute kwa uzito wake, chukua rula ya chuma, weka alama ya sifuri katikati ya pini moja, kisha hesabu pingili 24 (nyembamba na pana zote zihesabiwe). Pini ya mwisho inapaswa kuwa kwenye milimita 304.8. Soma hivi:

306.3 ni ulikaji wa asilimia 0.5. Kwa gia 11 na 12 hapo ndipo cheni inabadilishwa.
307.1 ni asilimia 0.75. Hiki ndicho kikomo cha gia 10 kushuka chini.
307.8 ni asilimia 1. Cheni ikifika hapa, hesabu kwamba kaseti imekwenda nayo.

Rula nzuri ni bora kuliko vile vipimio vya bei rahisi vinavyosukuma rola mbili kwenda pande tofauti, kwa sababu vinaongeza na ulegevu wa rola zenyewe, na vinaweza kuihukumu cheni mapema.

Jaribio la pili linamaliza ubishi: rudisha cheni ya zamani kwa muda, panda kwenye 34 na 15, ukiwa umekaa kwenye kiti, kanyaga kwa nguvu. Kuruka kukitoweka, kaseti ndiyo iliyokwisha. Kukibaki vilevile, tafuta kwingine.

Kutazama meno kwa macho kunasaidia lakini kunadanganya pia. Sprokiti za kisasa zina meno yaliyokatwa mafupi na mengine yaliyopindwa makusudi ili cheni ipande na kushuka kwa urahisi. Mtu akiyaona anasema "hili limelika", kumbe limetoka kiwandani hivyo. Linganisha 15 na sprokiti usiyoitumia sana, na utazame upande unaobeba mzigo wa meno mengi, si wa jino moja.

Mpaka ulitatue hilo, usisimame juu ya pedali. Cheni ikiruka ukiwa umesimama, uzito wote unaangukia usukani na anguko lake ni baya.

Dada_Krenki

Naongeza tu pale ambapo kuruka kuna mpangilio, kwa sababu wengine watakaosoma hapa watakuwa na dalili hiyo. Hesabu mizunguko ya krenki kati ya mruko na mruko.

Kama kuna pingili moja ngumu isiyokunjika vizuri, itapita kwenye kigurudumu cha direla mara moja kila cheni inapozunguka yote. Cheni ya pingili 110 kwenye sprokiti ya 50 huzunguka yote kila mizunguko 2.2 ya krenki. Kwenye ya 34 ni kila mizunguko 3.2. Ukiona mruko unakuja kwa hesabu hiyo, zungusha pedali kinyumenyume polepole na utazame kigurudumu cha chini cha direla: pingili ngumu itapita ikiwa bado imekunjamana na direla itashtuka kidogo. Mara nyingi ni pale cheni ilipounganishwa, hasa kama imeungwa kwa pini badala ya kiungo cha haraka, kwa sababu pini ikisukumwa kupita kiasi inazibana sahani za pembeni. Shika cheni kwa mikono miwili, vidole gumba karibu na pingili hiyo, uipinde kushoto na kulia taratibu mpaka ilegee. Usitumie koleo.

Kama mruko unakuja kila gurudumu la nyuma linapozunguka mara moja, na ni kwenye sprokiti moja tu, tafuta jino lililopinda au kuvunjika.

Kama pedali inaporomoka mbele bila mpangilio na kwenye gia zote, hata kubwa, shuku habu (kitovu cha gurudumu la nyuma). Ndani yake kuna kucha ndogo zenye springi zinazoshika unapokanyaga. Zikijaa grisi nzito au springi ikivunjika, zinachelewa kushika. Kupambanua ni rahisi: simama pembeni, kaza breki ya nyuma, chora mstari mmoja kwa kalamu ya wino mzito unaopita juu ya cheni na jino la sprokiti, na mwingine kutoka sprokiti hadi spoki iliyo jirani. Sukuma pedali kwa mkono kwa nguvu. Mstari wa kwanza ukivunjika, cheni imeruka. Wa pili ukivunjika huku wa kwanza uko sawa, ni habu.

Kwa Mwendo34 hayo hayahusiki, nakubaliana na FundiCheni.

Rimu28

Upande wa uvivu wa kushuka: hiyo ni kebo, lakini kukaza si dawa, ndiyo maana kumezidi.

Cheni inapopanda kwenda sprokiti kubwa, unaivuta wewe kwa leva, na mkono una nguvu za kushinda msuguano. Inaposhuka kwenda ndogo, anayeivuta ni springi ya direla peke yake. Kebo ikiwa na kutu, tope au ganda (mrija wa nje inamopita kebo) lililobonyea, springi haiwezi kuivuta kwa wakati. Kwa hiyo kanuni ni hii: uvivu wa kupanda ni kebo iliyolegea, uvivu wa kushuka ni msuguano, au kebo iliyokazwa kupita kiasi. Sasa hivi una vyote viwili.

Mahali pa kutazama, kwa mpangilio wa kushuku:

Kwanza, kile kipande cha ganda kinachopinda kuingia kwenye direla. Kiko karibu na tope, kinaangalia chini, maji yanaingia na hayatoki. Weka cheni kwenye sprokiti kubwa kabisa ukizungusha krenki kwa mkono, acha kuzungusha, kisha bonyeza leva mpaka mwisho wa kushuka. Kebo italegea, na utaweza kuchomoa ganda kwenye vishikio vyake bila kufungua skrubu ya kubania. Telezesha ganda juu ya kebo. Likikwaruza au kukwama, badilisha kebo na ganda kwa pamoja.

Pili, chini ya boksi la krenki, kama kebo zako zinapita nje. Pale kuna kipande cha plastiki chenye mifereji, na vinywaji vyenye sukari vinavyodondoka kutoka kwenye chupa hukaukia humo na kuwa gundi. Kusafisha kwa maji ya moto kunatosha.

Tatu, na hapa naomba usiparuke: ndani ya leva. Vua mpira wa leva, sukuma kebo itoke kidogo na utazame sentimita tatu za mwanzo karibu na kichwa chake. Kwenye leva ambazo kebo hupinda kona kali, nyuzi hukatika moja moja hapo. Dalili yake ni gia zinazohitaji kurekebishwa tena na tena ndani ya muda mfupi. Ukiona hata uzi mmoja umechomoka, badilisha siku hiyohiyo. Kebo ikikatikia ndani, kichwa na nyuzi vinaingia kwenye mashine ya leva na kuvitoa ni kazi ya kibano na subira nyingi.

Ukibadilisha: kebo ya gia ni ya milimita 1.1 au 1.2 na ganda lake ni la milimita 4. Usitumie ganda la breki. La gia lina nyaya zinazokwenda kwa urefu ili lisibonyee. La breki limesokotwa kama springi, hubonyea kidogo kila unapovuta na gia hazitakaa mahali pake. Kinyume chake ni hatari zaidi: ganda la gia kwenye breki linaweza kupasuka. Kata kwa mkasi wa kebo, sawasawa kabisa, kisha fungua tundu la plastiki ya ndani kwa sindano nene, maana mkasi hulibana. Watu wengi huacha hatua hiyo halafu wanashangaa kebo mpya ni nzito kuliko ya zamani. Weka kofia kila mwisho wa ganda.

Mwendo34

Shukrani sana wakuu. Majibu ya vipimo: cheni ya zamani imesoma milimita 307.5 kwa pingili 24. Ikirudishwa, hakuna kuruka hata kwenye 34 na 15. Ganda la nyuma linakwaruza na lina kutu, kebo ndani ya leva iko salama.

Maswali mawili yamebaki. Je, naweza kuendelea na cheni mpya nikitarajia zitazoeana na kaseti? Na baada ya kubadilisha vyote, mpangilio wa kurekebisha ni upi?

FundiCheni

307.5 ni karibu asilimia 0.9. Kaseti imekwisha, mkuu. Hazitazoeana kwa namna unayoitaka: ndoana ya jino hainyooki, itakachofanya ni kuila cheni mpya mapema huku ukiendelea kuruka kwenye miinuko.

Una njia mbili za haki. Weka kaseti mpya na cheni mpya. Au rudisha cheni ya zamani, uitumie pamoja na kaseti ya zamani mpaka zife pamoja, na ile mpya uiweke kabatini. Ya pili si ya kizembe, maana kaseti hiyo haina cha kuokolewa tena, ila angalia na sprokiti za mbele, kwa sababu cheni ndefu inazila nazo. Ukichagua ya kwanza, kuanzia sasa pima mara kwa mara na ubadilishe kwenye 306.3, ukifanya hivyo kaseti moja inaweza kuvumilia cheni kadhaa.

Kufunga kaseti: safisha mwili wa habu, paka grisi kidogo kwenye mifereji, na utazame ule mfereji mmoja wenye upana tofauti, unaonyesha sprokiti zinavyokaa. Ringi ya kufungia inakazwa kwa Nm 40 (newtoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), ambayo ni nguvu nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ikilegea, sprokiti zinacheza na gia zinapotea. Atakayeweka kaseti ya gia 10 kwenye habu ya gia 11 ya barabarani aweke na spesa (ringi ya kujazia nafasi) ya milimita 1.85 nyuma yake, la sivyo haitabanwa.

Rimu28

Mpangilio wa kurekebisha, kebo ikiwa bado haijafungwa:

1. Hakikisha gurudumu limekaa hadi mwisho kwenye fremu. Kisha tazama kutoka nyuma kama direla imesimama sambamba na sprokiti. Sikio linaloishikilia ni laini makusudi, likipinda kidogo tu hakuna kebo itakayosaidia. Kipimo chake hujifunga kwenye tundu la direla (nyuzi za M10 × 1) na kulinganisha umbali hadi kwenye rimu pande nne. Zungusha gurudumu pamoja na kipimo ili kila mara upime penye valvu; hivyo rimu yenye pogo haikudanganyi. Tofauti ya zaidi ya milimita 4 haikubaliki, na kwa gia 11 lenga 2.
2. Skrubu yenye herufi H: cheni ikiwa kwenye sprokiti ndogo kabisa, kigurudumu cha juu cha direla kikae chini ya ukingo wa nje wa sprokiti hiyo.
3. Leva iwe imeshushwa yote, kipipa kikazwe ndani kisha kirudishwe mzunguko mmoja. Vuta kebo kwa mkono, si kwa koleo, na ubane skrubu kwa Nm 6.
4. Bonyeza leva mara moja. Cheni ipande ya pili. Isipopanda, zungusha kipipa kinyume cha saa ukikitazama kutoka nyuma, robo mzunguko kwa wakati. Ikirukia ya tatu, zungusha upande wa pili.
5. Ikiwa kwenye ya pili, sukuma leva kwa ule mwendo wake wa mwanzo tu kabla haijalia, uishikilie huku unazungusha krenki. Cheni inapaswa kugusa ya tatu na kutoa sauti. Achia leva, sauti ikome. Hapo kebo iko sawa.
6. Skrubu L mwisho: sukuma direla kwa mkono huku unazungusha. Ifike sprokiti kubwa kabisa, isipite hata kidogo kwenda kwenye spoki.

Skrubu B, inayoweka nafasi kati ya kigurudumu cha juu na sprokiti, usiiguse kama kigurudumu cha juu hakikwaruzi 28 na nafasi iko karibu milimita 5 au 6. Direla nyingine zina kipimo chake kwenye mwongozo, fuata huo.

Kebo mpya hulegea kidogo ganda linapojikita kwenye kofia zake. Baada ya safari za mwanzo, kama kupanda kutaanza uvivu, robo mzunguko wa kipipa kinyume cha saa unatosha. Usirudi kwenye H na L.